Cheti cha MSCE na Kizingiti cha Kiingereza: Historia ya Kufaulu na Kufeli kati ya Kanengo na Dzaleka

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa nchini Malawi, mazungumzo huwa yaleyale. Magazeti huandika asilimia, wazazi huhesabu pointi, na walimu wakuu hueleza kwa nini shule zao zimepanda au zimeshuka. Katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mazungumzo hayo hufanyika kwa Kiswahili na mara nyingi huishia kwenye hukumu moja: vijana wa siku hizi hawasomi. Insha hii inaipinga hukumu hiyo kwa ushahidi wa historia. Hoja yangu ni kwamba masharti ya kuhitimu sekondari yaliundwa kwa ajili ya shule chache zenye wanafunzi wachache. Baadaye shule ziliongezwa haraka, lakini masharti hayakuguswa. Mzigo wa tofauti hiyo ukamwangukia mwanafunzi, na mzigo mzito zaidi ukamwangukia yule ambaye Kiingereza ni lugha yake ya nne au ya tano.

Kwanza tuyaeleze masharti yenyewe. Cheti cha kumaliza sekondari Malawi kinaitwa MSCE, na mtihani wake huendeshwa na Baraza la Mitihani la Taifa, MANEB. Kila somo hupewa alama kuanzia 1 hadi 9. Alama 1 na 2 ni za juu kabisa, 3 hadi 6 ni za wastani mzuri unaoitwa krediti, 7 na 8 ni kufaulu kwa kawaida, na 9 ni kufeli. Ili apewe cheti, mtahiniwa lazima afaulu masomo yasiyopungua sita, Kiingereza kikiwa mojawapo, na walau somo moja liwe na krediti. Anayetaka chuo kikuu cha umma anahitaji krediti sita, na Kiingereza kiwemo.

Tuchukue mfano wa watahiniwa wawili wa kubuni. Wa kwanza amepata 2 katika hisabati, 3 katika fizikia, 3 katika kemia, 4 katika biolojia, 4 katika jiografia na 5 katika kilimo, lakini Kiingereza amepata 9. Wa pili amepata 8 katika masomo matano, Kiingereza kikiwemo, na 6 katika somo la sita. Kwa masharti hayo, wa pili amehitimu na wa kwanza hakuhitimu. Sisemi kwamba wa pili hakustahili. Ninauliza sharti hili lilitoka wapi na lilikusudiwa kufanya kazi gani. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Wakati nchi hii ikiitwa Nyasaland, elimu ilikuwa mikononi mwa misheni kwa sehemu kubwa. Misheni zilifundisha kusoma, kuandika, useremala na ualimu, lakini shule za sekondari hasa hazikuwepo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940, zilipofunguliwa ile ya Blantyre na ile ya Wakatoliki ya Zomba. Vijana waliozifikia walikuwa wachache mno. Mtihani wao wa mwisho ulitoka Cambridge, na kazi yake ilikuwa kuwapata makarani, walimu na wasaidizi ambao ofisi ya mkoloni ingeweza kuwatumia. Katika ofisi ya namna hiyo, mtu asiyejua Kiingereza hakuwa na kazi hata kama hesabu zake zilikuwa safi. Kwa hiyo Kiingereza hakikuwa somo kama masomo mengine. Kilikuwa mlango, na masomo mengine yalikuwa vyumba vya ndani.

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964, na Rais Kamuzu Banda aliurithi mlango huo bila kuubomoa. Mtihani wa Cambridge uliachwa hatua kwa hatua na cheti cha Malawi kikachukua nafasi yake, na mwaka 1987 MANEB ikaundwa kisheria. Mwaka 1968 Chichewa kilitangazwa lugha ya taifa na kikafundishwa kote nchini, hata kule kaskazini ambako watu huzungumza Chitumbuka. Lakini kwenye cheti cha sekondari, Kiingereza kilibaki mfalme: aliyekifeli alikuwa amefeli vyote. Banda mwenyewe alionyesha aina ya msomi aliyemtaka alipofungua Kamuzu Academy huko Mtunthama, Kasungu, mwaka 1981, shule ambamo Kilatini na Kigiriki vilifundishwa. Nafasi za sekondari ziliendelea kuwa chache, na uchache huo haukuhesabiwa kuwa aibu. Mtihani ulikuwa chekeche, na chekeche lililopitisha unga mwingi lingeonekana bovu.

Wengi waliokosa nafasi hawakukubali kuishia hapo. Tangu mwaka 1965 kulikuwa na chuo cha elimu kwa posta, ambacho baadaye kiliitwa Chuo cha Elimu ya Masafa cha Malawi. Vijana walikusanyika katika vituo vya vijijini na mitaani, wakasoma vijitabu, wakasikiliza masomo ya redio na kusimamiwa na walimu ambao mara nyingi walikuwa wamefundishwa kwa ajili ya shule za msingi. Mwishoni walikaa mtihani uleule waliokaa wanafunzi wa shule za bweni zenye maabara na maktaba.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1994. Serikali mpya ya Bakili Muluzi ilifuta ada ya shule za msingi, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takriban milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Wimbi hilo lilipoelekea sekondari, majengo hayakuwepo. Mwaka 1998 vile vituo vya elimu ya masafa vikageuzwa kuwa shule za sekondari za kutwa za jamii, ambazo leo tunaziita CDSS. Jina lilibadilika kwa siku moja. Walimu, vitabu na maabara havikubadilika kwa kasi hiyo. Matokeo yalionekana upesi: mwaka 1999 waliopata cheti cha MSCE walikuwa chini ya mtahiniwa mmoja kati ya watano. Nchi nzima ilishtuka, na lawama zikawaangukia vijana na walimu wao. Lakini mwanahistoria akiutazama mfuatano wa miaka hiyo anaona jambo jingine. Watahiniwa waliongezeka, maandalizi yakabaki haba, na chekeche likawa na matundu yaleyale.

Ni katika mwaka huohuo wa 1994 ambapo historia ya Dzaleka inaungana na historia hii. Mahali hapa, kilomita zisizofika 50 kutoka Lilongwe, palikuwa gereza la kisiasa wakati wa Banda, na jina lenyewe kwa Chichewa linabeba maana ya mtu anayeapa kuwa ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 pakawa makazi ya wakimbizi. Pale palipopangwa kwa ajili ya watu kama 10,000 leo pana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine kutoka Burundi na Rwanda. Shirika la Kijesuiti la kuwahudumia wakimbizi, JRS, limeshika sehemu kubwa ya kazi ya elimu hapo. Sekondari ya Dzaleka ni CDSS, yaani mtoto wa ileile familia ya shule zilizozaliwa mwaka 1998, na watoto wa Malawi kutoka vijiji vya jirani wanasoma humo pamoja na watoto wa wakimbizi.

Sasa mtazame mwanafunzi aliyetoka Uvira au Bukavu. Nyumbani anazungumza Kifuliiru au Kishi au Kibembe. Sokoni na kanisani anazungumza Kiswahili. Shuleni Kongo alifundishwa kwa Kifaransa, akiandaliwa kwa mtihani wa taifa wa nchi ile. Anapofika Malawi anakutana na Chichewa kwa majirani na kama somo, kisha Kiingereza kwa kila kitu kingine. Kijana aliyekuwa amekaribia kumaliza sekondari kwao anaweza kurudishwa miaka kadhaa nyuma, kwa sababu ya lugha wala si kwa sababu ya hesabu. Mwenzake wa Burundi ana hali hiyohiyo. Nimesoma na vijana wenye ndevu waliokaa dawati moja na watoto wa miaka 14, nao ndio waliotueleza fizikia kwa Kiswahili wakati wa mapumziko.

Hapa ndipo uzito wa kweli wa sharti unapoonekana. Kiingereza huhesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni katika karatasi yake chenyewe. Mara ya pili ni ndani ya karatasi za masomo mengine, kwa sababu swali la historia linaulizwa kwa Kiingereza na jibu lake ni insha ya Kiingereza. Mwanafunzi anayejua sababu za kuvunjika kwa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland mwaka 1963, lakini akashindwa kuzipanga kwa Kiingereza, anahesabiwa kuwa hazijui. Kwa hiyo mtihani hautuambii ni nani hakujua historia na ni nani hakujua lugha. Wote wawili wanapewa 9 ileile.

Jambo hili si la Malawi peke yake. Tanzania watoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari hugeuka Kiingereza. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na lugha ni mojawapo tu. Lakini tukio hilo linatufundisha kwamba hata serikali inaweza kukiri kuwa daraja sifuri halikuandikwa na mwanafunzi peke yake.

Wapo watakaonijibu, na jibu lao ni zito. Watasema vyuo vikuu vya Malawi vinafundisha kwa Kiingereza, na kumpa kijana cheti bila Kiingereza ni kumdanganya. Watasema pia kwamba sharti ni lilelile kwa Mmalawi na kwa mkimbizi, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Hoja ya kwanza naikubali kwa upande wa chuo kikuu. Chuo kina haki ya kudai lugha kinayofundishia. Lakini cheti cha sekondari hakiendi chuoni tu. Kiwanda au ghala la Kanengo, eneo la viwanda ambalo kila anayetoka Dzaleka kwenda mjini hulipita, linapotafuta mtu wa kuhesabu magunia au kutengeneza mashine, tangazo lake huanza na MSCE. Sharti lililofaa kwa karani wa mkoloni linamfungia fundi wa leo. Kuhusu hoja ya pili, ni kweli kwamba sharti ni moja. Lakini mbio hazilingani kwa sababu tu utepe wa mwisho ni mmoja, na jambo hilo linawahusu pia watoto wa Dowa wanaosoma CDSS wakishindana na shule za bweni za taifa.

Tena, kwa mkimbizi, hata aliyefaulu hajamaliza safari. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka mapingamizi yake kuhusu baadhi ya vifungu, vikiwemo vya kazi, elimu na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, wakiwemo watoto wa shule. Kwa hiyo kijana anaweza kuwa na MSCE yenye pointi nzuri mkononi na asiruhusiwe kuishi Kanengo ambako cheti hicho kingesomwa. Njia chache zimebaki wazi, kama masomo ya juu kwa intaneti ambayo Wajesuiti waliyaanzisha hapo mwaka 2010 wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver. Nayo pia yanafundishwa kwa Kiingereza.

Historia haitoi amri, lakini inaonyesha ni wapi pamewahi kubadilika na kwa hiyo panaweza kubadilika tena. Mtihani wa Cambridge ulionekana wa milele, ukaondoka. Mtihani wa kidato cha pili, JCE, ulifutwa katikati ya miaka ya 2010, kisha ukarudishwa. Kifaransa tayari kimo katika masomo ya MSCE. Kiswahili, ambacho SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, kinaweza kuwekwa kwenye orodha hiyohiyo, na mwanafunzi wa Dzaleka akapata somo moja analoingia nalo akiwa na miguu yote miwili chini. Kiingereza nacho kinaweza kubaki somo muhimu na sharti la chuo kikuu, huku cheti cha sekondari kikieleza kwa haki kile ambacho mtahiniwa anakijua.

Kwa kuhitimisha, asilimia inayotangazwa kila mwaka ni jumla ya maamuzi mengi: nani alijenga shule, lini, kwa walimu gani, na kwa lugha ya nani. Juhudi ya mwanafunzi imo ndani yake, lakini ni sehemu moja tu ya hesabu. Sisi tunaosoma historia tuna wajibu wa kuzitaja sehemu nyingine kwa miaka yake na majina yake. Tusipofanya hivyo, kijana aliyepata 2 katika hisabati na 9 katika Kiingereza ataendelea kurudia mtihani huohuo mwaka hadi mwaka, akiamini kwamba kasoro ni yake peke yake.