Mtaa kama Mandhari, Mtaa kama Hadhira: Vitabu Vipendwavyo na Vitabu Viteuliwavyo kwa Mtazamo wa Kibera na Kawangware, 1971–2018

Utangulizi

Tangu miaka ya 1970, uhakiki wa fasihi nchini Kenya umekuwa ukigawa vitabu katika mafungu mawili. Kuna vitabu ambavyo wahakiki huviteua kwa ajili ya mihadhara, tuzo na tasnifu. Na kuna vitabu ambavyo wasomaji huvipenda, wakavitafuta na kuviazimana bila kusubiri neno la mhakiki. Fungu la kwanza limeitwa fasihi dhati, na la pili fasihi pendwa. Majina hayo yenyewe yanadokeza mizani iliyotumika, kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa dhati, na kilicho dhati hakihitaji kupendwa.

Makala haya yanachunguza historia ya mgawanyiko huo kwa kuutazama kutoka mitaa miwili ya Nairobi, yaani Kibera na Kawangware. Maisha ya mitaa ya aina hii, pamoja na vibanda vyake, uhaba wa kazi, misako ya polisi na ubomoaji, ndiyo yaliyoipa riwaya ya jiji malighafi yake tangu mwanzo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mitaa hiyo ilikubaliwa mapema kuwa mandhari ya fasihi, ila imechelewa mno kukubaliwa kuwa hadhira yake. Wahakiki na wachapishaji, ambao kwa kawaida huonekana kuwa mahasimu katika ugomvi huu, wameshirikiana katika kosa moja: kila upande umenena kwa niaba ya "msomaji" bila kumtia katika hesabu mkazi wa Kibera na Kawangware.

Mitaa na Njia za Kitabu

Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi waliolitumikia jeshi la Waingereza, na jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Baada ya uhuru wa 1963 mtaa ulipanuka kwa wahamiaji kutoka pembe nyingi za nchi, hata ukawa mahali ambapo Kiswahili ndicho kiungo cha watu wa lugha mbalimbali. Kawangware, iliyo magharibi mwa jiji, imepakana na Lavington, na wakazi wake wengi wamekuwa vibarua wa mijengo na wafanyakazi wa majumbani katika mitaa ya wenye nacho. Kwa miaka mingi ilizoeleka kusemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ikahesabu wakazi 170,070. Tofauti hiyo ni funzo kwa mwanafasihi pia. Mtaa unaweza kuzungumziwa sana na wasiouhesabu.

Kitabu kimefika katika mitaa hii kwa njia tatu kuu. Njia ya kwanza ni shule. Ya pili ni vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kandoni mwa barabara za katikati ya jiji, ambavyo mnunuzi hana budi kuinama ili avichague, na kwa sababu hiyo wauzaji hao wakabandikwa jina la "inama". Ya tatu ni kuazimana. Njia zote tatu zina sifa moja: haziachi alama ya kutosha katika daftari la mchapishaji. Kitabu cha shule hununuliwa mara moja kikawapitia ndugu kadhaa. Cha mitumba kilikwisha kuhesabiwa kilipouzwa mara ya kwanza. Na cha kuazima hakihesabiwi kabisa. Basi mtu anayepima mapenzi ya wasomaji kwa idadi ya nakala zilizouzwa anapima uwezo wa kununua. Usomaji wenyewe unamponyoka.

Enzi ya Mangua na Maillu

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Haikupita miaka mingi kabla fasihi ya Afrika ya namna nyingine kabisa haijajitokeza mitaani. Mwaka 1971 East African Publishing House ilichapisha Son of Woman ya Charles Mangua, riwaya ambayo msimulizi wake, Dodge Kiunyu, anajieleza kwa kejeli na bila haya. David Maillu akafuata kwa kuanzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, iliyotoa My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption mwaka 1973, kisha After 4:30 mwaka 1974. Wasomaji walivigombania vitabu hivi. Mwaka 1976 vitabu vya Maillu vikapigwa marufuku nchini Tanzania.

Wahakiki wa Nairobi, na hasa Chris Wanjala, walivikemea vitabu vya aina hii kwa uchafu wa lugha, kwa wepesi wa fani na kwa kuiga riwaya za senti chache za Ulaya na Marekani. Kemeo hilo lieleweke katika muktadha wake. Kizazi kilichokuwa kimetoka kupigania heshima ya fasihi ya Afrika darasani kilikuwa na haki ya kuhofia kwamba ulevi na ukware vingeivunja heshima hiyo. Hata hivyo, jambo moja linadai maelezo. Mwaka 1973 Meja Mwangi alichapisha Kill Me Quick, nayo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Riwaya hiyo pia inahusu vijana waliomaliza shule, wakakosa kazi, wakaishia katika vichochoro, wizi na jela. Malighafi ni ileile. Hukumu ya wahakiki ni tofauti.

Tofauti hiyo haielezwi na ubora wa fani peke yake. Katika Kill Me Quick, Meja na Maina wanatazamwa kwa huruma, na msomaji aliye mbali na kichochoro anapewa nafasi ya kuwasikitikia. Dodge haombi huruma ya yeyote. Anazungumza mwenyewe, anacheka, na wakati mwingine anamcheka msomi. Hivyo inawezekana kusema kwamba wahakiki waliteua kitabu ambamo maskini anaonewa imani, wakakikataa kile ambamo maskini ana ulimi. Isisahaulike, lakini, kwamba hata hizo zilizoitwa riwaya za umma ziliandikwa kwa Kiingereza. Ofisi ndiyo iliyo katikati ya After 4:30, na msomaji wake wa kwanza alikuwa karani na katibu muhtasi. Kibarua wa Kawangware ambaye hakupata Kiingereza cha shule alibaki nje ya mlango wa fasihi dhati na wa fasihi pendwa pia.

Kitabu Baani, Kitabu Gerezani

Mlango huo ulifunguliwa kidogo mwaka 1980, Ngũgĩ alipochapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu, riwaya aliyoiandika kizuizini Kamiti mwaka 1978. Katika Decolonising the Mind (1986) Ngũgĩ anaeleza jinsi ilivyosomwa kwa sauti majumbani, katika vyombo vya usafiri na katika mabaa, ambako msomaji aliyeishiwa na kinywaji aliweza kukiweka kitabu chini mahali patamu hadi wasikilizaji wamnunulie kingine. Maelezo hayo ni ushahidi mkubwa kuliko takwimu yoyote ya mauzo. Nakala moja ilikuwa na hadhira ya baa nzima, na miongoni mwa hadhira hiyo walikuwamo wasiojua kusoma. Aidha, kitabu hiki ni miongoni mwa vichache ambavyo mhakiki na msomaji wa kawaida walikutana kukipenda. Mpaka wake ulikuwa lugha. Katika mtaa wa makabila mengi kama Kibera, usomaji wa namna hiyo ungehitaji Kiswahili, na tafsiri yake, Shetani Msalabani, ilitoka mwaka 1982.

Mwaka 1984 ulileta My Life in Crime ya John Kiriamiti, aliyefungwa mwaka 1971 kwa unyang'anyi na kuandika kitabu hicho akiwa gerezani Naivasha. Wasomaji walikipokea kwa shauku isiyo na kifani, nacho kikafuatwa na My Life with a Criminal: Milly's Story mwaka 1989. Mwaka huohuo wa 1984 Janice Radway alichapisha nchini Marekani Reading the Romance, utafiti uliowaendea wanawake wasomaji wa hadithi za mapenzi na kuwauliza wanachokipata humo. Majibu yao yalitatiza dhana ya kwamba msomaji wa fasihi pendwa hubugia tu alichowekewa. Uhakiki wa Kenya, kwa sehemu kubwa, haukuifuata njia hiyo. Uliendelea kujadili iwapo kisa cha Jack Zollo kingewapotosha vijana, na vijana wenyewe hawakuulizwa. Lakini swali lilikuwa zito: kijana wa mtaa unaosakwa na polisi husoma nini katika kisa cha jambazi? Ushujaa, onyo, au maelezo ya jinsi sheria inavyoonekana kutoka upande wa pili? Matini peke yake haiwezi kulijibu.

Enzi ya Kitabu Teule

Badiliko kubwa zaidi lilitokana na sera ya elimu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Kwa njia hiyo riwaya ya Kiswahili iliingia katika nyumba ambazo hazikuwahi kununua riwaya. Mfano bora ni Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Msako wa Kongowea Mswahili wa kumtafuta baba yake ulisomwa darasani na kizazi kizima cha Wakenya, na mwandishi wake alipofariki mwaka 2020 maombolezo yalionyesha kwamba kitabu kilikuwa kimevuka mipaka ya mtihani.

Wakati huohuo, uhakiki wa Kiswahili ulikuwa umevutwa na majaribio ya kifani. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, na baadaye Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila, zilipata makala na tasnifu kwa wingi kwa sababu zilivunja usimulizi wa moja kwa moja na kudai msomaji mwenye nadharia. Hakuna sababu ya kuzibeza kazi hizi. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba mvutano wa zamani ulipata msuluhishi ambaye si mhakiki wala msomaji, nayo ni kamati ya kuteua vitabu vya shule. Uteuzi huo umekuwa na nguvu ambazo hazijapata kuwa na tuzo yoyote, kwani kwa vijana wengi wa Kibera na Kawangware kitabu teule ndicho riwaya ya kwanza, na pengine ya mwisho, kushikwa mkononi.

Nguvu hizo zilidhihirika mwaka 2018. Miongoni mwa vitabu vilivyotahiniwa kuanzia mwaka huo ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei, inayogusa ukimbizi uliotokana na ghasia za baada ya uchaguzi, na diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Katika hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoipa diwani hiyo jina, wakazi wa Madongoporomoka wanatishiwa kunyang'anywa ardhi yao ili jiji litanuke, Mzee Mago anawahimiza wasikubali, na matingatinga yanafika. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yalifika Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walipoteza makao, na shule kadhaa zikabomolewa. Mwongozo wa mtihani ungemfunza mwanafunzi kutaja maudhui ya unyakuzi wa ardhi na mbinu ya jazanda. Mwanafunzi wa Kibera, kwa mwaka huo, alikuwa na maarifa ya hadithi ambayo mwongozo haukuyahitaji na uhakiki haukuyaomba. Hapo mandhari na hadhira vilikutana mahali pamoja, na taaluma haikuwapo kusikiliza.

Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, lilitambua hadhira hiyo mapema zaidi. Liliandikwa kwa Sheng, likagawiwa bure pamoja na gazeti na katika vibanda vya M-Pesa, na mwaka 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kwa kuondoa bei, liliondoa pia kile kigezo cha mauzo ambacho kwa miongo minne kilikuwa kikimficha msomaji wa mtaa.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba swali la nani ana haki, msomaji au mhakiki, limeulizwa vibaya. Hukumu za wahakiki zimebadilika. Maillu aliyelaaniwa katika miaka ya 1970 amekuja kuwa mada ya utafiti halali. Orodha za mauzo nazo hazina uaminifu mkubwa zaidi, kwani kila mara zimemwacha nje anayesoma bila kununua. Dai la msingi ni la kimbinu. Karin Barber alipoandika kuhusu sanaa za umma barani Afrika mwaka 1987, alisisitiza kwamba sanaa hizo haziwezi kueleweka bila kujua zinatungwa na nani na kwa ajili ya nani. Uhakiki unaoandikwa Nairobi umefika sehemu ya kwanza ya agizo hilo tu.

Kibera imepata maktaba ya umma iliyo chini ya huduma ya maktaba ya taifa, na daftari la kuazima vitabu ni hati ya fasihi sawa na muswada. Kadhalika, nakala chakavu ya kitabu teule, yenye majina manne au matano yaliyokatwa na kuandikwa upya katika jalada la ndani, ni orodha ya wasomaji ambayo hakuna mchapishaji anayeimiliki. Mtafiti atakayeanza na majina hayo, akawatafuta wenyewe na kuwauliza walichokisoma, atakuwa ameanzia mahali ambapo uhakiki wa Kenya ulipaswa kuwa umefika tangu Dodge Kiunyu alipofungua mdomo wake mwaka 1971.