Boto (maktaba ya programu)

Boto ni maktaba ya programu katika lugha ya Python, ambayo kwayo mtengenezaji wa programu huzitumia huduma za wingu za Amazon Web Services pasi na kuyatunga kwa mkono wake maombi ya HTTP ambayo huduma hizo huyapokea. Toleo litumikalo siku hizi huitwa Boto3. Miongoni mwa maktaba za namna hii, zikaazo upande wa mteja na kusema na API kwa niaba yake, Boto ni katika zile kongwe na zilizoenea mno, na sifa yake njema imetokana zaidi na adabu yake katika kusemezana na seva kuliko wingi wa huduma izifikiazo.

Jina

Boto ni pomboo wa maji baridi aishiye katika mto Amazon, Amerika ya Kusini. Jina lilichaguliwa na Mitch Garnaat, mwanzilishi wa maktaba, kwa kuiashiria kampuni iliyojiita kwa jina la mto huo.

Historia

Mwezi wa Machi 2006 Amazon ilifungua S3, ghala la kuhifadhi faili, na Agosti ya mwaka huo huo ikafungua EC2, huduma ya kukodisha kompyuta, ambayo sehemu kubwa ya utengenezaji wake ilifanyika Cape Town, Afrika ya Kusini, chini ya uongozi wa Chris Pinkham. Huduma hizi mbili zilianza bila ukurasa wa kubofya vitufe. Aliyetaka kuweka faili moja ghalani alilazimika kutunga ombi, kulipanga kwa taratibu iliyoamriwa, kulitia saini, kulituma, kisha kulifasiri jibu la XML lililorudi. Kazi hiyo, kwa kuwa ilikuwa ile ile kwa kila mtu, ilistahili kufanywa mara moja na kwa uzuri, na hapo ndipo Garnaat, akiwa bado mtu wa nje ya kampuni, alipoianza Boto katika mwaka huo wa 2006. Mwaka 2011 alichapisha kitabu, Python and AWS Cookbook, na baadaye akajiunga na Amazon yenyewe.

Boto ya awali iliandikwa huduma baada ya huduma, kila moja kwa msimbo wake mahususi, na utaratibu huo, uliofaa huduma zilipokuwa chache, ukawa mzigo zilipoongezeka. Udhaifu wake ulidhihirika Oktoba 2014, eneo la Frankfurt lilipofunguliwa: S3 ya huko haikukubali saini za namna ya zamani, bali toleo la nne la saini tu, hata programu zilizokuwa zikifanya kazi miaka mingi bila taabu zikakataliwa zilipolielekea eneo hilo jipya, mpaka wenyewe walipobadili mipangilio ya maktaba.

Boto3, iliyotangazwa kuwa tayari kwa matumizi ya wote Juni 2015, ilijengwa juu ya msingi mwingine. Chini yake ipo maktaba ndogo iitwayo botocore, ambayo mtunzi wake mashuhuri ni James Saryerwinnie, na ndani ya botocore kila huduma imeelezwa kwa faili la JSON: majina ya matendo yake, vigezo vinavyotakiwa, na sura ya majibu. Maktaba huyasoma maelezo hayo programu inapoendeshwa na kuziumba kazi zake kutokana nayo, kwa hiyo huduma mpya huhitaji faili jipya zaidi kuliko msimbo mpya. Maelezo ya S3 yangali ndani ya folda iitwayo 2006-03-01, tarehe ya mwezi ule ule ghala lilipofunguliwa.

Utendaji

Mtumiaji huanza kwa kumwumba mteja, kwa amri fupi kama boto3.client('s3'), na tangu hapo mteja huyo huwa ndiye wakili wake. Akimwomba alete orodha ya faili, wakili huikagua amri kwa kuilinganisha na maelezo ya huduma, hutafuta anwani ya seva ya eneo lililotajwa, hulitunga ombi kwa lugha ya huduma ile (nyingine husema XML na nyingine JSON, tofauti ambayo mtumiaji haioni kamwe), hulitia saini, hulituma, na jibu likirudi huligeuza kuwa kamusi ya Python iliyo tayari kusomwa.

Saini. Hili ndilo jambo lililo zito kupita yote, na ndilo linaloipa maktaba thamani yake ya kweli. Mteja ana funguo mbili: kitambulisho cha herufi 20, ambacho kwa funguo za kudumu huanza na AKIA, na siri ya herufi 40. Siri haitumwi kabisa. Maktaba huichukua na kuipitisha katika hesabu ya HMAC-SHA256 mara nne, kwanza pamoja na tarehe, pili na jina la eneo, tatu na jina la huduma, na nne na neno la kufungia, ikapata ufunguo mwingine ambao hufaa kwa siku ile, eneo lile na huduma ile tu. Kwa ufunguo huo ndipo ombi lenyewe hutiwa saini. Seva, ambayo nayo inaijua siri, hufanya hesabu ile ile, na saini hizo mbili zikitofautiana hata kwa herufi moja ombi hukataliwa.

Muhuri wa saa nao umo ndani ya saini, nao huandikwa kwa saa za UTC: saa tatu kamili asubuhi ya Dar es Salaam huandikwa 06:00. Ombi ambalo saa yake imeachana na ya seva kwa zaidi ya dakika 15 halipokelewi. Kompyuta ambayo mwenyewe aliirekebisha saa kwa kuitazama saa ya ukutani, na huku akaiacha ikidhani kuwa iko katika UTC, itakuwa mbele kwa saa tatu, na kosa litakalorudi, RequestTimeTooSkewed, humfanya mgeni wa kazi hii azishuku funguo zake ilhali funguo hazina hatia.

Kurasa. S3 haitoi majina ya faili zaidi ya 1,000 katika jibu moja. Mathalani, ndoo, yaani chombo ambamo S3 huweka faili, ikiwa na picha 1,240, mwito wa list_objects_v2 huleta majina 1,000 pamoja na alama IsTruncated yenye thamani ya kweli, na hati ya kuendelezea. Programu isiyoitazama alama hiyo itazinakili picha 1,000 na kumaliza kwa salama, bila kosa wala onyo, na zile 240 zitasahaulika hadi siku zitakapohitajiwa. Boto3 ina kitu kiitwacho paginator, ambacho huomba ukurasa baada ya ukurasa hadi mwisho, na hapana sababu njema ya kuorodhesha ndoo bila ya kukitumia.

Kurudia. Mtandao ukikatika, au seva ikajibu kwamba imeelemewa, maktaba hulirudia ombi yenyewe: katika hali ya zamani, iitwayo legacy, hujaribu hadi mara 5, na katika hali iitwayo standard hadi mara 3, ikingoja kitambo kati ya jaribio na jaribio. Kurudia huku kungaliweza kuleta hasara, kwa maana ombi la kukodi kompyuta likifika na jibu likapotea njiani, ombi la pili lingekodi kompyuta ya pili. Ili kuliepusha hilo, botocore hulipa ombi la EC2 alama ya pekee ambayo haibadiliki katika marudio, na seva ikiiona mara ya pili hutambua kuwa ni ombi lile lile, ikarejesha jibu la kwanza. Ni uangalifu usioonekana, na wengi wanaofaidika nao hawajui kuwa upo.

Mbali na mteja, Boto3 ina njia nyingine iitwayo resource, iliyo nyepesi kuandika. Lakini watunzaji wametangaza kwamba hawakusudii kuiongezea mambo mapya.

Kuhifadhi funguo

Maktaba huzitafuta funguo kwa mpangilio maalumu: kwanza katika amri yenyewe, kisha katika vigezo vya mazingira, kisha katika faili la credentials lililomo ndani ya folda ya .aws nyumbani kwa mtumiaji, na mwishowe, ikiwa programu inaendeshwa ndani ya kompyuta ya EC2, huiomba kompyuta hiyo funguo za muda. Njia ya kwanza ndiyo iliyo rahisi na ndiyo iliyo mbaya, kwani funguo zilizoandikwa ndani ya msimbo husafiri pamoja na msimbo popote uendapo, na msimbo ukiwekwa hadharani siri huwa si siri tena.

Afrika

Eneo la kwanza la Amazon Web Services barani lilifunguliwa Cape Town, Aprili 2020, nalo huitwa af-south-1. Mtumiaji wa Boto3 hulielekea kwa kulitaja jina hilo anapomwumba mteja, baada ya kuliwezesha katika akaunti yake, kwa kuwa halifunguliwi lenyewe kama maeneo ya zamani.

Hali ya sasa

Boto3 na botocore hutolewa kwa leseni ya Apache 2.0, nazo hupata matoleo mapya mara kwa mara. Ziliacha kuitumikia Python 2.7 Julai 2021. Boto ya awali haitunzwi tena. Toleo lake la mwisho, 2.49.0, lilitoka Julai 2018, na programu ambazo zingali zikiitegemea hazina budi kuhamishiwa Boto3.