Kambi Ilianza na Bondia

Mei 1889, mwandishi wa habari Nellie Bly alifika Belfast, kijiji kidogo katika jimbo la New York, kumhoji mwanamume aliyepelekwa shambani apunguze mwili. Mwanamume mwenyewe ni John L. Sullivan, bingwa wa ndondi za uzani wa juu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameugua sana, na kabla ya ugonjwa alikuwa amekunywa pombe miaka mingi bila kupumzika. Tumbo lilikuwa limemtangulia. Pigano la kutetea taji lilikuwa Julai. Kwa hivyo akakabidhiwa William Muldoon.

Muldoon alikuwa bingwa wa mieleka na askari polisi wa zamani. Hakuwa mtu wa mzaha. Ghala la shamba aliligeuza jimu. Sullivan aliamshwa mapema, akavalishwa sweta nzito ili atoe jasho, akatembea na kukimbia maili 12. Akirudi anasuguliwa mwili, anapiga mpira ulioning'inizwa, anashindana mieleka na mwenye shamba. Pombe hakuna. Bly alipomuuliza kama anapenda mazoezi, Sullivan hakuzungusha maneno: afadhali apigane mara chungu nzima kuliko kufanya mazoezi mara moja, lakini afanyeje, lazima.

Na kambi ikafanya kazi yake. Tarehe 8 Julai 1889, huko Richburg, Mississippi, chini ya jua kali, Sullivan alipigana na Jake Kilrain kwa mikono mitupu, bila glavu. Raundi ya 44 alitapika. Akaendelea. Pigano lilidumu zaidi ya saa mbili, na raundi zilipofika 75, kona ya Kilrain ikasalimu amri.

Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo kila kocha wa kambi angependa kuisimulia. Mtu mnene, mlevi, amevunjwa na mazoezi na kuundwa upya, anatapika na bado anasonga. Leo ukifungua simu utaiona hadithi hiyo hiyo kwa nguo tofauti: dada amelala kifudifudi kwenye nyasi, kocha amemwinamia anafoka, muziki unapanda, kisha picha mbili, kabla na baada.

Sehemu ya pili ya hadithi haisimuliwi sana. Sullivan alirudi nyumbani. Hakukuwa na Muldoon wa kumwamsha, na chupa zilikuwa palepale alipoziacha. Tarehe 7 Septemba 1892, New Orleans, alipanda ulingoni akiwa mzito tena, akaangushwa na James Corbett katika raundi ya 21. Taji likaenda. Mwili ambao kambi iliutengeneza haukudumu miaka minne.

Kumbuka kambi ya bondia haikuwahi kuahidi miaka minne. Iliahidi siku moja, ile ya pigano. Baada ya hapo bondia analipwa, anapumzika, ananenepa, na akipata pigano lingine anarudi kambini. Kila mtu kwenye ndondi analijua hilo. Shida ilianza pale kambi ilipouzwa kwa watu ambao hawakuwa na pigano.

Muuzaji alikuwa Muldoon mwenyewe. Mwaka 1900 alifungua kituo chake huko Purchase, nje kidogo ya jiji la New York, akakiita Olympia. Wateja sasa walikuwa mawakili, wafanyabiashara na wanasiasa, watu waliokuwa wamechoshwa na ofisi, chakula kizito na sigara. Elihu Root, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikwenda huko mwaka 1907. Mwandishi wa riwaya Theodore Dreiser alikuwa ametangulia mwaka 1903, akiwa amevunjika moyo na mwili, na baadaye akamchora Muldoon kwa jina la kubuni katika kitabu chake Twelve Men cha mwaka 1919. Anayeonekana humo ni mwenyeji anayewafokea matajiri kama makurutu, anawadharau mbele ya wenzao, anawahesabia hata muda wa kuoga. Na matajiri wanalipa, tena pesa nyingi, ili wafokewe.

Hapo ndipo matusi yalipogeuka kuwa sehemu ya dawa. Bondia alifokewa kwa sababu kuna mtu anakuja kumpiga. Wakili alifokewa kwa sababu ya tumbo. Wazo likaingia taratibu kwamba unene ni utovu wa nidhamu, na utovu wa nidhamu hutibiwa na sajenti. Ukishindwa, si kambi iliyoshindwa. Ni wewe.

Mwili nao ulikuwa na maoni yake, na watu wakapata nafasi ya kuyasikia mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwaweka wanaume 36 katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa michezo wa chuo. Walikuwa vijana wenye afya, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani na dhamiri, wakajitolea kushinda njaa ili madaktari wajue jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya baada ya vita. Mwaka 1945, kwa miezi sita hivi, walikula kama kalori 1,570 kwa siku na kutembea maili 22 kila wiki.

Sasa linganisha kiasi hicho na ratiba za kujipunguza zinazouzwa mtandaoni, nyingine zikiwa za kalori 1,200 ama chini yake pamoja na mazoezi mazito. Utafiti ule uliitwa wa njaa. Hakuna aliyeuita safari ya afya.

Wale vijana walipoteza karibu robo ya uzani wao. Lakini mwili haukukaa kimya ukingoja kumalizwa. Ulipunguza matumizi, kama mama mwenye nyumba anayeona unga unaisha na kuanza kupima kwa kikombe kidogo. Moyo ulipiga polepole. Walihisi baridi hata siku za joto. Walianza kuwaza chakula mchana na usiku, wengine wakisoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Na waliporuhusiwa kula, walikula kupita kiasi, wengi wakapita uzani waliokuja nao. Hawa walikuwa watu waliochaguliwa kwa uthabiti wao. Ukisema walikosa nidhamu, sijui neno hilo lina maana gani tena.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1950. Kambi hazikutetereka. Mwaka 1968 Camp Shane ilifunguliwa katika milima ya Catskill, New York, na wazazi wakawa wanawapeleka watoto wao wanene huko likizo ya kiangazi. Kisha Oktoba 2004 televisheni ya NBC ikaanza kuonyesha The Biggest Loser, na kambi ikawa mchezo wa kutazamwa ukila popkoni. Washindani walikaa pamoja mbali na nyumbani, wakafanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, wakala kidogo, na kila kipindi wakapanda mizani mbele ya dunia. Mshindi alichukua dola 250,000. Kutapika, kulia na kuanguka kwenye mashine ya kukimbilia vilikuwa burudani yenyewe.

Mwaka 2009 Danny Cahill alishinda. Alikuwa ameingia na pauni 430, karibu kilo 195. Fainali ilimkuta na pauni 191, kama kilo 87. Ni miezi saba tu.

Mtafiti Kevin Hall wa taasisi za kitaifa za afya za Marekani akafanya jambo ambalo shoo haikulifanya: aliwafuata washindani 14 wa msimu huo kwa miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwa wastani walikuwa wamepunguza kilo 58, na kilo 41 zilikuwa zimerudi. Kumi na watatu kati ya 14 walikuwa wameongezeka tena, wanne kati yao wakiwa wazito kuliko walivyoingia. Lakini jambo lililowashtua wengi ni hili: wakiwa wamepumzika, miili yao ilikuwa ikichoma takriban kalori 500 chini ya kiasi kilichotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita baadaye. Ni yule mama na kikombe chake kidogo, bado anapima, ingawa gunia lilishajaa.

Kwa hivyo mtu aliyetoka kambini na kunenepa tena hakupigana na uvivu peke yake. Kila siku alikuwa anadaiwa mlo mmoja mzima na mwili wake mwenyewe, na jirani anamwambia, ‘Si ulipunguza? Mbona umerudia?’

Kuna deni kubwa kuliko hilo pia. Mwaka 2023, katika mkoa wa Shaanxi nchini China, msichana wa miaka 21 aliyekuwa na kilo 156 alifariki wakati akihudhuria kambi ya kupunguza uzani. Alikuwa akiwaonyesha wafuasi wake mtandaoni safari ya kupunguza kilo 100. Ukisukuma mwili usiozoea kwa siku kadhaa mfululizo, misuli inaweza kuvunjika na kumwaga uchafu kwenye damu hadi figo zizidiwe. Mkojo ukitoka rangi ya chai ya rangi, hiyo si dalili ya ushujaa. Ni hospitali, tena mara moja.

Sisemi watu wasitokwe jasho. Mazoezi yana faida kwa moyo, kwa sukari ya damu na kwa usingizi, hata mizani isiposogea. Na neno kambi tunalijua vizuri hapa kwetu. Kule Kaptagat, Eliud Kipchoge aliishi na wenzake chini ya kocha Patrick Sang mwaka baada ya mwaka, wakifua nguo zao na kusafisha vyoo vyao. Mbio nyingi za wiki zilikuwa za mwendo wa pole, mwendo wa kupiga story. Siku ngumu zilikuwa chache na zilipangwa. Waliotazama Vienna mwaka 2019, alipomaliza marathoni kwa 1:59:40, waliona siku moja tu ya kazi ya miaka.

Nyanya zetu walisalimia kwa ‘Umenona!’ wakimaanisha wamefurahi kukuona hai na umeshiba. Salamu hiyo leo inauma, na kuna biashara nzima inayongoja hapo inapouma. Ukiamua kwenda kambini, nenda, ni mwili wako. Ila kabla ya kulipa, usiulize wateja wao wamepunguza kilo ngapi kwa wiki nne. Uliza wako wapi sasa, na ni nani aliyewapigia simu mwezi wa kumi na tatu. Muldoon alikuwa na jibu zuri sana kuhusu Julai 1889. Kuhusu Septemba 1892, Sullivan aliachiwa ajibu mwenyewe.