Majivu ya Mtamba Mwekundu

Mtu mmoja asiye Myahudi alimwendea Rabi Yohanan ben Zakkai na shutuma: haya yenu ni uchawi. Mnachoma ng'ombe, mnatia majivu majini, mnamnyunyizia aliyegusa maiti, kisha mnasema ametakasika. Rabi akamuuliza mtu aliyepagawa na pepo hutibiwaje kwao. Hufukizwa mizizi, akajibu. Basi ni hivyo hivyo, akaambiwa, akaenda zake.

Wanafunzi hawakuridhika. Huyo umemtuliza, sisi je? Mwalimu wao akakiri kwamba maiti haimtii mtu unajisi, wala maji hayamtakasi. Ni amri ya Mungu tu.

Kwangu, hapo ndipo ukubwa wa Yohanan ulipo. Mwenye cheo mara nyingi huona aibu kusema hana sababu.

Amri yenyewe imo katika Hesabu 19. Mtamba awe mwekundu, asiye na kilema, asiyewahi kufungwa nira. Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi, inasema nywele mbili nyeusi au nyeupe zilizoota tundu moja zilitosha kumkataa. Alichomwa Mlima wa Mizeituni. Maji yalitekwa Siloamu na watoto waliolelewa juu ya mwamba uliochimbwa chini, wasije wakapita juu ya kaburi lisilojulikana, nao walibebwa juu ya ng'ombe. Uangalifu wote huo, halafu anayeandaa majivu ananajisika yeye, ilhali aliyenajisika anatakasika! Marabi walisema hata Sulemani alishindwa kulielewa jambo hili.

Mishna inahesabu mitamba tisa tangu Musa, ingawa Rabi Meir anasema saba. Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, Yohanan akajenga upya elimu ya Torati huko Yavne, bila madhabahu. Mwaka 2022 mitamba wekundu watano waliletwa Israeli kwa ndege kutoka Texas, na mjadala kuhusu ibada hii ukafufuka.

Lakini baada ya amri hiyo ya kumtakasa aliyegusa maiti, soma sura inayofuata ya Hesabu. Miriamu, dada yake Musa, anafariki Kadeshi, maji yanakosekana, Musa anaupiga mwamba mara mbili na kunyimwa nchi ya ahadi. Kisha Haruni, ndugu yao, anapandishwa Mlima Hori pamoja na mwanawe Eleazari, kuhani yule yule aliyekabidhiwa mtamba wa kwanza. Haruni anavuliwa mavazi, nayo anavishwa mwanawe. Haruni anafia kileleni. Musa na Eleazari wanashuka, wawili tu.