Grand Canyon kwa siku tatu: Kushuka ni rahisi, kurudi juu ndiyo kazi. Haya hapa mambo ambayo wenzi wanapaswa kujua

Kwa wenzi wanaotaka kutoroka kazi na kelele za mjini siku mbili tatu, majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani ni chaguo la haraka. Wanatua Phoenix au Las Vegas, wanakodi gari, na baada ya saa nne hivi barabarani wamefika ukingoni mwa Grand Canyon, jimbo la Arizona.

Njia za miguu zinaanzia jirani kabisa na hoteli. Mteremko mzuri, upepo wa asubuhi, picha kila kona. Watu wanajikuta wameshuka mbali bila kujua.

Tatizo ni kwamba korongo ni mlima uliogeuzwa juu chini. Anayepanda mlima akichoka anageuka, na njia ya kurudi ni mteremko. Anayeingia korongoni anaanza na mteremko akiwa na nguvu, kisha anapanda akiwa amechoka, maji yamepungua na jua liko utosini. Askari wa hifadhi huwakumbusha wageni kila siku: kushuka ni hiari, kupanda ni lazima. Hata hivyo, kila mwaka mamia ya watu huhitaji kuokolewa.

Fahamu eneo lenyewe

Grand Canyon ina urefu wa kilomita 446, na mahali penye upana mkubwa zaidi inafika kilomita 29. Kina chake ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Mto Colorado ndio uliolichonga korongo hili kwa mamilioni ya miaka. Lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919, na mwaka 1979 likaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Wageni wengi huenda Ukingo wa Kusini, ulio mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari na unaofunguliwa mwaka mzima. Ukingo wa Kaskazini uko juu zaidi, hufungwa msimu wa theluji, na Julai 2025 moto wa nyika uliteketeza hoteli yake ya kihistoria. Kwa safari fupi, kusini ndiko kunakofaa.

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Juni hadi Agosti, chini ya korongo joto hupita nyuzi 38 za Selsiasi kivulini, na juani ni kali zaidi. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo joto linavyopanda, kwa hiyo ubaridi wa pale juu ukingoni haumwambii chochote kuhusu kinachomsubiri chini.

Siku ya kwanza: kuzoea hewa

Mita 2,100 si mchezo kwa mtu aliyetoka pwani. Pumzi hukata mapema na kichwa kinaweza kuuma. Siku ya kufika, inatosha kutembea kwenye njia ya ukingoni, ambayo kwa kiasi kikubwa ni tambarare na sehemu kubwa imewekwa lami. Ina urefu wa kilomita 21 hivi, lakini mabasi ya hifadhi hupita kandokando yake, hivyo aliyechoka anapanda basi na kurudi.

Jioni, watu wengi huenda Hopi Point kutazama jua likizama. Baada ya hapo ni kulala mapema, kwa sababu kesho yake safari inaanza alfajiri.

Siku ya pili: kuingia korongoni

Njia ya South Kaibab ndiyo yenye mandhari ya wazi zaidi. Magari binafsi hayaruhusiwi kufika mwanzo wake, kwa hiyo ni lazima kupanda basi la hifadhi. Kituo cha kwanza, Ooh Aah Point, kiko kilomita 1.4 kutoka juu. Cha pili, Cedar Ridge, kiko kilomita 2.4, na hapo kuna choo. Njia hii haina maji kabisa, na kivuli ni cha kubahatisha. Wakati wa joto kali, Cedar Ridge ndiyo iwe mwisho kwa wanaorudi siku hiyohiyo.

Hesabu ya muda ni hii: kupanda huchukua takriban mara mbili ya muda wa kushuka. Wenzi wakianza saa 12 asubuhi na wanataka kuwa juu saa 3, wana saa moja tu ya kushuka. Ikifika saa 1 wanageuka, hata kama kituo walichokitaka wanakiona pale mbele.

Hifadhi inashauri watu wasiwe njiani kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni majira ya joto. Kwenye mabango ya pale inasomeka 10 hadi 4, hivyo aliyezoea saa za Kiswahili asije akachanganya.

Kushuka hadi mtoni na kurudi siku moja ni jambo ambalo hifadhi inalionya vikali. Wanaotaka kulala chini wanahitaji kibali au nafasi iliyowekwa mapema.

Siku ya tatu: njia ya Bright Angel

Wenye nguvu bado wanaweza kushuka kilomita 2.4 hadi kibanda cha kwanza cha kupumzikia, kisha kurudi na kuanza safari ya nyumbani. Kwenye vibanda vya njia hii huwa kuna maji ya bomba kwa msimu, lakini mabomba huharibika au kufungwa. Ni vizuri kuuliza kituo cha wageni asubuhi hiyohiyo.

Mbele zaidi, kilomita 7 hivi kutoka juu, kuna Havasupai Gardens, mahali penye miti na kijito. Watu wa jamii ya Havasupai waliishi na kulima hapo kabla ya kuondolewa hifadhi ilipoanzishwa. Jina lao lilirudishwa rasmi mwaka 2022.

Njiani pia hupita nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, wakibeba watu au mizigo. Mtembeaji anasimama upande wa ukuta wa mlima, ananyamaza na kumfuata anayewaongoza kwa atakachosema.

Mwendo ni wa aliyechoka

Hili ndilo wenzi wengi hulikosea. Mmoja ana mazoezi, mwingine hana. Mwenye nguvu anatangulia, na aliyechoka anaona aibu kusema. Au anasema, "Wewe endelea tu, mimi nitakusubiri gari lilipo."

Kilichotokea jangwa jingine la eneo hilohilo kinaonyesha gharama yake. Agosti 2015, huko White Sands, jimbo la New Mexico, wenzi kutoka Ufaransa waliingia kwenye njia ya mchanga mweupe yenye urefu wa kilomita 8 hivi, isiyo na kivuli wala maji, wakiwa na mtoto wao wa miaka tisa. Joto lilikuwa karibu nyuzi 38. Maji waliyokutwa nayo yalikuwa chupa mbili tu, kila moja ya nusu lita na kidogo, zote zimeshakauka.

Mama alijisikia vibaya akageuka peke yake kurudi kwenye gari. Baba na mtoto wakaendelea. Mama alianguka njiani akafariki, na baba naye akafariki mbele zaidi. Mtoto alipatikana hai kando ya baba yake. Maofisa walieleza kuwa wazazi walikuwa wakimpa mafunda mawili ya maji kila wao walipokunywa funda moja.

Kwa hiyo makubaliano yafanyike kabla ya kutoka hotelini: mmoja akisema basi, wote wanageuka, bila kubembelezana na bila lawama. Aliye polepole ndiye anayetangulia, mwenzake anafuata mwendo wake. Na kila mmoja anabeba maji yake mwenyewe, ili wakipotezana kwa bahati mbaya asiwepo mwenye kiu.

Maji peke yake hayatoshi

Jasho jangwani hukauka haraka, hivyo mtu hajui amepoteza maji kiasi gani. Lakini kunywa maji mengi bila kula kitu chenye chumvi nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya mwilini hushuka. Karanga za chumvi, biskuti za chumvi au unga wa kurudishia maji mwilini ule wa dukani husaidia.

Dalili za kutochukulia poa ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuyumba na kuanza kuongea visivyoeleweka. Mtu akifika hapo, hatembezwi tena. Anawekwa kivulini, nguo na mwili vinaloweshwa maji, anapepewa, na wapita njia wanaombwa kufikisha taarifa kwa askari. Msaada unaweza kuchelewa, kwani joto kali hupunguza hata uwezo wa helikopta.

Simu isiwe tegemeo

Ndani ya korongo mtandao ni wa kubahatisha au haupo kabisa. Ramani ipakuliwe mapema, na chaji ilindwe.

Kuna na mtego wa saa. Arizona haibadilishi saa majira ya joto, lakini eneo la jamii ya Wanavajo, linalopakana na hifadhi upande wa mashariki, linabadilisha. Simu ikinasa mnara wa upande ule inaruka saa moja mbele. Anayewahi basi la alfajiri anafaa kupanga saa ya simu kwa mkono.

Kabla ya kutoka hotelini

- Maji ya kila mmoja, na vitafunwa vya chumvi
- Kofia pana, viatu vilivyokwishazoeleka na tochi ya kichwani
- Majira ya baridi, vyuma vya kuvaa chini ya viatu, kwa sababu sehemu za juu za njia huganda barafu
- Utabiri wa hali ya hewa, hasa Julai hadi Septemba ambapo mvua za ghafla huleta mafuriko na radi
- Mtu mmoja nyumbani au mapokezi aliyeambiwa njia watakayopita na saa ya kurudi
- Saa ya kugeuka, iliyokubaliwa na wote wawili