Juu ya nini baba zetu walifukia mitaro?



Kila mara tukifika kwenye mashamba ya mlimani hapa Kivu ya Kusini na kusema «tuchimbe mitaro ya kuzuia udongo», kuko mzee mmoja atacheka kidogo. Atasema: «Hiyo kazi baba zetu waliisha kuifanya wakati wa Wabelgiji. Uhuru ulipofika, wakaifukia.» Wengine wanafikiri ulikuwa uvivu. Hapana. Mbele ya kugawa majembe na miche, tujue hiyo historia.

Tuanze na ardhi. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Komite ya Taifa ya Kivu (CNKi), ikaipa eneo kubwa sana ili igawie wazungu mashamba. Kahawa, chai na kinkina vikapandwa kwenye udongo muzuri, sawa kule Bushi na Kalehe. Wenyeji wengi wakabaki kulima miteremko mikali. Mvua ikinyesha, udongo unashuka bondeni.

Tena kulikuwa kazi ya lazima. Tangu 1917 mkulima alilazimishwa kulima mazao yaliyochaguliwa na Leta. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 iliweka siku 60 za kazi hizo kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikafika 120. Mwaka huo huo wa 1933 iliundwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo ilikuwa na kituo Mulungu, karibu na Bukavu. Ujuzi wa wataalamu ulikuwa wa kweli: mitaro inayofuata usawa wa mlima, na mistari ya majani ya kushika udongo. Lakini kijijini ujuzi huo ulifika pamoja na faini, jela na fimbo. Njo maana mtaro ukawa mali ya Leta, hata kama uko katikati ya shamba lako. Mwaka 1960, wa kulazimisha alipoondoka, wengi waliacha mitaro ijae, wengine wakaifukia na kupanda juu yake.

Uhuru haukumaliza swali la ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Leta. Kwa ardhi za kimila, kifungu cha 389 kiliahidi agizo la Rais. Miongo ikapita, agizo halikutoka. Watu wakaendelea na mila. Kwa Bashi kuko kalinzi: unamupatia shefu ng'ombe ao kitu kingine, unapata haki ya kudumu, watoto wako wanarithi. Na kuko bwasa: unaazima shamba kwa msimu, unalipa kwa mavuno, pesa ao kazi, na hauruhusiwi kupanda migomba, kahawa wala miti. Mti ni alama ya mwenye ardhi.

Hapa njo inatugusa sisi tuliorudi. Wengi tulikuta shamba lina mtu mwingine, ao mipaka imepotea. Leo tunalima kwa bwasa ao kwa mapatano ya mdomo yanayofanana nayo. Mtaro unachimbwa siku nyingi, na faida yake inaonekana nyuma ya misimu kadhaa. Nani atavunja mgongo kwa shamba ambalo mwaka kesho atanyang'anywa? Tena udongo ukiisha kupona, mwenyewe anaweza kulitaka mbio zaidi.

Kwa hiyo naomba shirika letu lifuate mpango huu. Kwanza karatasi: mapatano ya misimu kadhaa, mbele ya shefu wa kijiji na mashahidi, jina la mke likiwa pamoja na la mume. Iandikwe nani atakata majani na miti itabaki ya nani. Pili, tuanze na kinachorudisha faida mapema, sawa matete: yanashika udongo na yanalisha mbuzi. Kwa kupima usawa, miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, kamba na jiwe vinatosha, havina bei. Tatu, kuchimba kuwe kwa zamu na kwa hiari, leo kwangu, kesho kwako. Kisifanane na salongo ya zamani, ambayo watu walitoka juu ya kuogopa.

Kwenu wafadhili, ombi moja. Ripoti zinatuomba metre ngapi za mitaro zimechimbwa. Hata Wabelgiji walikuwa na hesabu hiyo. Mutuulize pia ni mitaro mingapi ingali hai nyuma ya miaka mitatu, na ni wakulima wangapi bado wako kwenye shamba walilolitengeneza. Pesa ya kusafiri kwa shefu, kupima mipaka na kuandika mapatano ni kidogo kuliko ya majembe, lakini bila hiyo majembe yatachimba, na watoto wetu watafukia.