Buji na Plagi

Asubuhi za Bugeshi, chini ya Karisimbi, ni za baridi, na Daihatsu kuukuu la dizeli lililobeba viazi lilikuwa likitoa moshi mweupe bila kuwaka. Fundi mzee, aliyejifunzia kazi Goma, akasema, "Ni buji." Msaidizi wake, ambaye wazazi wake walirudi kutoka Tanzania baada ya 1994, akacheka: "Mzee, dizeli haina plagi!" Akaanza kulegeza boliti za pampu, kazi ghali kwa mwenye gari.

Nilidhani kijana ana haki. Lakini buji ni neno la Kifaransa, asili yake mshumaa, lililoingia huku na Wabelgiji waliotawala 1916 hadi 1962. Mafundi huliita hivyo plagi ya petroli, na pia kile kinachopasha moto chumba cha dizeli, ambacho kijana hukiita hita. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Gerejini vilikuwapo tayari viwili.

Mzee alichomoa moja, akaiunga kwenye betri. Ikiwa nzima, ncha huwa nyekundu baada ya sekunde chache. Ilibaki nyeusi. Kijana akakaza tena boliti za pampu, kimya.